Lifta za V8 ya mzee, gasketi nne baadaye

Naweka hii hapa kwa sababu nilipokuwa natafuta mtu amefanya hii kazi hapa kwetu sikupata, kila fundi ana stori yake. Gari ni Land Rover 110 ya 1985, V8 ya 3.5, kabureta mbili. Mzee wangu alikuwa anabebea mbolea na mbegu nayo kule Njoro, sasa iko kwangu Lanet. Mimi si fundi wa kusomea. Nitaandika kila hatua ikiisha, makosa nayo sitaficha.

Jumamosi 6 Januari 2024: kelele

Ilianza kabla ya Krismasi. Ukiwasha asubuhi kuna tik tik tik ya sekunde tano hivi halafu inatulia, hiyo sikujali juu hizi injini hufanya hivyo, gari ikilala oili inatoka kwa lifta na lazima zijae tena. Shida ni ilianza kukaa. Dakika moja, dakika kumi, mpaka nafika mjini bado iko, upande wa kushoto, na ukikanyaga mafuta inaenda mbio na wewe.

Kwa mwenye hajui: kwa hii injini hakuna screw ya kurekebisha tapeti. Kuna kamshafti, shafti yenye nundu inayozunguka; nundu inasukuma lifta, lifta inasukuma pushirodi (fimbo), pushirodi inainua upande mmoja wa roka, na upande wa pili unafungua valvu. Kila valvu ina lifta, na ndani ya lifta kuna pistoni ndogo, springi, na kavalvu ka kuzuia oili isirudi. Presha ya oili inajaza ndani, kapistoni kanapanda, nafasi yote kati ya kamshafti na valvu inamezwa. Ndio maana ikiwa nzima haipigi kelele. Ikipiga, ama lifta haijai, ama kuna kitu kimelika mbali kuliko lifta inaweza kufikia.

Nilianza na njia ya uvivu. Dawa ya kuweka kwa oili 1,200, dawa ya kuosha injini 900. Kelele ikabaki vile vile, 2,100 ikaenda.

Halafu nikafunga geji ya presha ya mkono, injini ikiwa moto, 2,400 rpm, psi 33. Kwa hii injini hiyo ni sawa kabisa, hazina presha kubwa, wacha mtu asikutishe na namba za Toyota. Kwa hivyo pampu haina makosa. Nikachukua kipande cha mpira wa maji, ncha moja sikioni na nyingine nikaitembeza kwa kifuniko cha roka. Silinda ya 5, yaani ya tatu kutoka mbele kushoto (kushoto ni 1, 3, 5, 7, kulia ni 2, 4, 6, 8).

Jumamosi 20 Januari: kufungua

Kumwaga maji, kutoa kabureta, manifoldi ya juu, bolti kumi na mbili, halafu ile gasketi kubwa ya bati inayofunika bonde katikati ya V. Kazi ya asubuhi moja. Kuna kijana wa gereji jirani nilimlipa 1,000 kwa siku anisaidie kuinua na kushika tochi.

Vifuniko vya roka nje, bolti nne kila upande, rokashafti inatoka nzima na roka zake. Hizo bolti legeza kidogo kidogo moja baada ya nyingine, usitoe moja yote, shafti itapinda. Pushirodi kumi na sita nikazipanga kwa trei ya mayai, kila shimo nimeandika namba na mafuta ya peni. Lifta nazo kwa trei ya pili. Hii trei ndio kifaa bora nilikuwa nacho kwa hii kazi yote na ni ya bure.

Lifta kumi na tatu zilitoka na vidole. Tatu zikakataa. Chini zimelika na kupanuka kama uyoga, kwa hivyo hazipiti tundu kuja juu. Usivute na koleo ukitumia nguvu, tundu ni aluminiamu na ukilikwaruza umeharibu bloku. Niliosha na mafuta taa, nikazizungusha, juu chini, juu chini, karibu saa mbili, zikatoka.

Sasa angalia chini ya lifta. Ikiwa mpya si bapa kabisa, ina kauvimbe kadogo sana, na nundu ya kamshafti imechongwa mshazari kiasi, hivyo vitu viwili ndio hufanya lifta izunguke ikifanya kazi isilike sehemu moja. Shika mbili mpya chini kwa chini, zinacheza kama kiti kibovu. Zangu zilikuwa na shimo. Ya silinda 5 upande wa ekzosti ungeweka tone la maji na likae.

Jumamosi 27 Januari: hapa ndio nilikosea

Lifta kumi na sita mpya kutoka Nairobi, 1,400 moja, jumla 22,400. Gasketi ya bonde na raba zake 3,800. Oili na filta 4,400, kulanti 1,500, parseli 500.

Nilimuuliza mzee mmoja wa gereji, mtu ameshika hizi gari miaka mingi, nikamwambia, mzee, na kamshafti je? Akainama, akapitisha kidole kwa nundu mbili za mbele, akasema, "Kijana yangu, hii bado iko na nguvu, weka lifta utembee." Na mimi nilitaka kuskia hivyo, juu kamshafti ilikuwa elfu thelathini na moja. Kwa hivyo simlaumu sana. Nikafunga lifta mpya juu ya kamshafti ya zamani, na Jumapili gari ikanguruma kimya kama paka.

Jumamosi 9 Machi: paka amekufa

Kilomita 640. Tik tik tik. Silinda ile ile.

Safari hii sikukimbilia kufungua bonde. Nikatoa vifuniko vya roka na rokashafti, nikasimamisha geji ya saa juu ya kila pushirodi, kijana akazungusha injini pole pole na spana kwa puli ya mbele. Unaandika pushirodi imepanda kiasi gani. Nyingi zilipanda milimita 6.2 hivi. Tatu zikapanda 5. Ekzosti ya silinda 5, milimita 3.9. Yaani nundu yenyewe imeisha, na kidole cha mzee hakingeweza kujua hiyo kwa kupapasa mbili za mbele.

Hiki kipimo ni saa moja na hakigusi gasketi ya bonde. Ningekifanya Januari singekuwa hapa. Kama unafuata hii shajara fanya hiki kwanza, kabla hujanunua hata bolti.

Na lifta mpya? Zilikuwa zimekulwa tayari. Nundu mbovu inakula lifta mpya, lifta mbovu inakula nundu mpya, kwa hizi injini za lifta bapa vinabadilishwa pamoja. Ukirudisha za zamani kwa kamshafti ya zamani, kila moja irudi tundu lake lile lile. 22,400 imeenda na maji.

Jumamosi 23 Machi: kamshafti

Kamshafti 31,000, lifta tena 22,400, cheni na gia zake 9,500. Rejeta nje, kifuniko cha mbele nje, cheni nje, kamshafti ya zamani inavutwa mbele. Hapo hakuna maajabu, vumilia tu na usigongeshe beringi.

Nikasema basi kama nimefika hapa, wacha nitoe hedi zote mbili nisage valvu. Jamaa wa mashine akazisaga, na akaniambia hedi moja imepinda kidogo kwa hivyo ameskimu (amekwangua uso wa chini uwe bapa) zote mbili zilingane. Nikauliza umetoa ngapi, akasema kidogo tu. Nilipima baadaye, ni milimita 0.6, yaani thau 24 (thau ni sehemu ya elfu ya inchi). Jumla yake 12,000, na gasketi za hedi mbili 7,600. Nilifurahi, hedi zinang'aa. Weka hiyo 0.6 kichwani, itarudi.

Bolti moja ya manifoldi ilikuja na nyuzi zake za aluminiamu zimezunguka kama springi, nikawekewa nyuzi mpya za chuma, 800. Kufunga ni 38 Nm kwa manifoldi na 38 Nm kwa bolti za rokashafti, tumia spana ya kupima, hii si bloku ya chuma.

Kitu kingine kwa rokashafti: ncha moja ina mkato mdogo. Upande wa kulia mkato unaangalia juu na uko mbele ya injini, upande wa kushoto unaangalia juu na uko nyuma. Ukikosea, matundu ya oili yanaangalia pabaya na roka zinakaa kavu.

Jumamosi 30 Machi: haiwaki

Watu wako Pasaka, mimi niko chini ya boneti.

Nilikuwa nimesoma lifta lazima zijazwe oili kabla ya kufunga, sa nikazilaza kwa mkebe wa oili usiku mzima na kuzipampu moja moja na pushirodi mpaka zikawa ngumu kama jiwe. Nikafunga rokashafti, nikakaza, nikapiga stata. Injini ikazunguka vwiii bila uzito wowote. Kompresheni hakuna kabisa, silinda sita kati ya nane, sifuri.

Nikaona hedi zimeharibika. Nikaona cheni imefungwa vibaya. Nikatoka nikanywa chai. Kumbe lifta zikiwa zimejaa hivyo haziwezi kubonyea haraka, ukikaza rokashafti zinasukuma valvu wazi, na zinabaki wazi mpaka oili ivuje pole pole kupitia pembeni mwa kapistoni. Nilivyorudi baada ya dakika arobaini nikazungusha kwa mkono, ilikuwa na uzito. Nilikuwa na bahati, ukizungusha na stata valvu zikiwa wazi kupita kiasi unaweza kugonganisha na pistoni. Wewe fanya hivi: zipake oili nje, ziloweshe, lakini usizijaze. Na ukikaza, kaza robo robo, ngoja, kaza tena, halafu acha injini nusu saa kabla ya kuigusa.

Kabla ya kuwasha nilijaza pampu ya oili na jeli ya kujipaka, ile ya mtoto, juu hizi pampu zikikauka hazivuti. Halafu nikatoa distribyuta na kuzungusha pampu na drili mpaka geji ikapanda. Chini ya lifta na kwa nundu nilipaka ile grisi ya kamshafti. Oili ni 20W-50 yenye zinki, usiweke ile nyepesi ya gari za kisasa.

Na kamshafti mpya haitaki kukaa idli. Ikiwaka tu unaipeleka 2,000 hadi 2,500 na kuiweka hapo dakika ishirini, juu nundu zinapata oili ya kurushwa na krankshafti, na ikizunguka pole hazipati ya kutosha. Kwa hivyo jaza kabureta petroli kabla, weka taimingi karibu karibu, na mtu asimame na maji kwa rejeta. Majirani walitoka nje kuangalia. Dakika ishirini ni ndefu sana ukiwa unaskiza tik. Haikuwa na tik.

Jumamosi 13 Aprili: mlima umenionyesha

Mjini ni tamu. Nikaipeleka barabara ya Eldoret, kupita Salgaa, kupanda kwenda Mau Summit, gia ya tatu, nikaikanyaga. Ikifika karibu 4,500 inaanza kukohoa kwa kabureta, nguvu inaisha kama mtu amefunga petroli. Nikiachilia mafuta, ikae chini dakika moja, inarudi nzima. Nikikanyaga tena, tena inakohoa.

Nilibadilisha plagi, nikasafisha kabureta, nikabadilisha filta ya petroli. Wiki mbili hapo. Halafu nikakumbuka 0.6.

Fikiria. Kapistoni ndani ya lifta hakatakiwi kukaa juu kabisa kwenye klipu yake, kanatakiwa kubonyezwa kiasi na pushirodi. Mimi naita mbonyeo. Kwa V8 hii ni thau 20 hadi 60, yaani milimita 0.5 hadi 1.5. Ukiskimu hedi umeshusha roka na valvu zote karibu na kamshafti, pushirodi haijafupika, kwa hivyo mbonyeo unaongezeka 0.6 hiyo hiyo. Kusaga valvu kunainua mkia wa valvu, roka inainama upande wa pushirodi, mbonyeo unaongezeka kidogo tena. Na ukiwa mkubwa, injini ikizunguka mbio springi ya valvu ikachelewa hata kidogo, lifta inadhani kuna nafasi, inajaza, inapanda, na ina mahali pengi pa kupandia. Valvu inabaki wazi. Ndio kukohoa.

Nikafungua bonde tena (gasketi ya tatu). Rokashafti zikiwa zimekazwa, lifta zimetulia, unapima nafasi kati ya klipu na kikombe cha pushirodi. Nilitumia mikia ya vyuma vya drili, ule unaoingia bila kulazimisha ndio kipimo. Lifta lazima iwe mgongoni mwa kamshafti, si kwa nundu. Weka pistoni ya silinda 1 juu ikiwa imefunga valvu zote mbili, pima mbili zake, zungusha krankshafti robo, pima 8, robo tena, pima 4, halafu 3, 6, 5, 7, 2. Mizunguko miwili ya krankshafti na umemaliza zote kumi na sita.

Yangu: ndogo kabisa 1.8, kubwa 2.4, nyingi ziko 2.0.

Jumamosi 20 Aprili: hesabu ya darasa la nne

Dawa ni shimu, vipande vyembamba vya bati vya kuinua, chini ya nguzo za rokashafti. Nguzo nne kila upande, shimu nane. Nataka mbonyeo wa 1.0, niko na 2.0, toa 1.0. Jamaa wa kukata bati ngumu hapa mjini akanikatia shimu za milimita 1.0, na karatasi ya chuma yote 2,400. Angalia nguzo moja kila upande ndio inapitisha oili kwenda kwa shafti, shimu yake iwe na tundu kubwa usizibe njia. Nikaweka, nikakaza, nikafunga bonde. Sikupima tena, juu hesabu ni hesabu.

Jumatatu asubuhi kimya. Nimefika Free Area injini imepata moto, tik. Tik tik. Ikipoa inanyamaza. Kinyume kabisa cha ile kelele ya Januari.

Jumamosi 4 Mei: ni wenzo, wewe

Mvua ilinyesha wiki nzima kwa hivyo nilikuwa na muda wa kukaa na karatasi. Roka ni wenzo. Mkono wa upande wa valvu ni mrefu, mara 1.6 ya mkono wa pushirodi. Ukiinua shafti katikati na mkia wa valvu ukibaki pale pale, upande wa pushirodi haupandi sawa na shimu, unapanda zaidi. Chora mstari utaona: 2.6 kugawa kwa 1.6, ni karibu 1.6. Shimu ya 1.0 inaondoa mbonyeo wa 1.6. Nilikuwa nimebaki na 0.4 kwa nyingi na 0.2 kwa zile mbaya. Na bloku na hedi za aluminiamu zikipata moto zinatanuka karibu mara mbili ya pushirodi za chuma, hiyo 0.2 inamezwa yote, hapo ndio tik ya moto ilitoka.

Kwa hivyo kutoa 1.0 unahitaji shimu ya 0.6. Nikanunua karatasi ya 0.6, nikaipima na maikromita sehemu tano kabla ya kukatwa, 1,200 yote. Gasketi ya bonde ya nne, jamaa wa spea Nairobi sasa ananiita kwa jina. Nikapima zote kumi na sita KABLA ya kufunga: ndogo 0.8, kubwa 1.4. Nikarudia upande wa kushoto mara mbili kwa uoga.

Asubuhi iliyofuata, Salgaa, Mau Summit, gia ya tatu, 4,800, ikapanda mpaka juu. Nikasimama pale kwa wauza viazi nikafungua boneti nikiskiza tu. Mama mmoja akaniuliza gari imeharibika? Nikamwambia hapana mama, imepona.

Jumamosi 25 Mei: oili ya kwanza

Kilomita 500 tangu kamshafti mpya ilipita zamani, nimechelewa kwa sababu ya hizi kufungua fungua, lakini leo nimemwaga oili na kukata filta na msumeno, nikatandaza karatasi yake juani. Vumbi laini la kijivu kidogo, vipande vya chuma hakuna. Geji ya saa kwa pushirodi tena: zote kumi na sita 6.2.

Pesa yote 144,900, ikiwemo 6,000 ya kijana kwa siku sita. Oili ya leo sijahesabu. Kama ningepima nundu Januari na mbonyeo Machi, ingekuwa elfu mia moja hivi. Raba ya nyuma ya gasketi ya bonde inatoa jasho la oili kidogo, nitaiangalia Agosti. Lifta thelathini na mbili mbovu ziko kwa trei za mayai chini ya meza, na mama watoto ameulizia trei zake.